Benedict imebaki bluu, na sukari ilikuwemo

SWALI

Shikamooni walimu,

Mimi ni mwanafunzi wa Kidato cha Nne hapa Tanga mjini, nakaa Makorora. Novemba nafanya mtihani wa taifa, na karatasi inayoninyima usingizi ni Baiolojia 2, ile ya vitendo. Nadharia haina shida. Shuleni kwetu maabara hufunguliwa mara chache, tunaambiwa dawa zitaisha kabla ya mtihani, kwa hiyo mambo mengi tumeyasoma ubaoni tu.

Kwenye mock tulipewa mmumunyo ulioandikwa S, tuupime una vyakula gani. Uliletwa bado unatoa mvuke. Nilitia matone matatu ya iodini, nikaona weusi kidogo, mara ukapotea. Nikaandika wanga haupo.

Sukari nilipima mara mbili. Benedict, ile dawa ya bluu ya kupimia sukari, nilipoitia moja kwa moja ilibaki bluu, hapo nilipata alama. Ya pili nilitia mililita 1 ya asidi, nikachemsha dakika mbili, nikatia matone matatu ya haidroksaidi ya sodiamu, kisha mililita 1 ya Benedict. Ikatoa povu dogo. Nikachemsha tena, ikabaki bluu, nikaandika sukari haipo. Baadaye mwalimu akasema ndani mlikuwa na sukari ya kawaida ya dukani.

Protini ndiyo imeniuma zaidi. Ute wa yai niliuona kwa macho yangu. Nikatia haidroksaidi ya sodiamu, nikajaza dropa nzima ya kopa salfeti, ikawa bluu nzito yenye vipande vipande. Nikaandika protini ipo. Nikapata sifuri, na protini ilikuwemo kweli! Haki iko wapi hapo?

Hadubini nayo, kila nikitazama ngozi ya kitunguu naona maduara meusi. Nikageuzia lenzi kubwa, nikavunja kile kioo chembamba cha juu. Tangu siku hiyo nikiiona mikono inanitetemeka. Na mchoro wangu ulikatwa alama bila maelezo.

Dada yangu ananiambia nikariri tu majedwali ya majibu ya miaka iliyopita. Nifuate hilo? Au kuna mazoezi ninayoweza kufanya nyumbani kwa vitu vya sokoni?

Mwanafunzi wa Makorora, Tanga

JIBU

Marahaba mwanangu. Umetaja povu, na umefanya vyema, maana wengi wanaolikuta hawaliandiki popote. Hilo povu ndilo limetueleza sukari yako ilipotelea wapi, basi tuanze nalo.

Sukari ya dukani ni sukrosi. Benedict haiitambui mpaka kwanza ivunjwe ipatikane glukosi na fruktosi, na kazi ya kuvunja ni ya asidi inayochemka. Asidi ikishamaliza kazi yake haitakiwi tena, kwa sababu Benedict hufanya kazi penye besi tu, yaani kinyume cha asidi. Katika kila lita ya Benedict mna gramu 100 za kaboneti ya sodiamu, na ndiyo besi yenyewe. Ukiimimina juu ya asidi iliyobaki, kaboneti na asidi vinamalizana, gesi ya kabonidayoksaidi inatoka na unaona povu. Besi imekwisha kabla hujachemsha. Hapo hata ungechemsha hadi magharibi rangi ingebaki bluu, na sukari imo.

Tupige hesabu. Asidi ya haidrokloriki iliyozimuliwa, katika maabara nyingi, ni ya mola 2. Mililita 1 ya asidi hiyo hutulizwa na mililita 0.8 ya haidroksaidi ya sodiamu ya asilimia 10. Dropa ya kawaida hutoa karibu matone 20 kwa mililita, kwa hiyo ni matone 16 hivi. Wewe umetia 3. Usiende kukariri hiyo 16, maana chupa ya shuleni kwako inaweza kuwa na nguvu nyingine. Anayeamua ni karatasi ya litmasi: tia tone, tikisa, gusisha kijiti cha kioo kwenye karatasi nyekundu, endelea mpaka igeuke bluu.

Safari ijayo fanya hivi. Sampuli mililita 2, asidi mililita 1, weka testi tyubu ndani ya bika ya maji yanayochemka kwa dakika tatu. Itoe, iache ipoe au iinamishe kwenye maji baridi. Tuliza asidi kwa haidroksaidi ya sodiamu. Ukipewa unga wa sodiamu baikaboneti badala yake, tia kidogo kidogo mpaka povu likome, na tyubu iwe imepoa kweli, la sivyo itafurika mkononi. Kisha Benedict mililita 2, siyo 1, na urudishe kwenye maji yanayochemka dakika tatu hadi tano. Rangi hutoka bluu ikapita kijani, njano na chungwa, ikaishia kwenye mashapo mekundu ya rangi ya tofali. Sukari ikiwa kidogo inaweza kuishia kijani au njano, nayo ni jibu sahihi. Andika ulipoishia wewe. Usizidishe haidroksaidi ya sodiamu kupita kiasi, maana sukari ikichemshwa ndani ya besi kali hugeuka manjano hadi kahawia yenyewe, na hutajua rangi imetoka wapi.

Kwa kuwa S ilikuwa na ute wa yai, unaweza pia kuona utando au mabonge meupe wakati wa kuchemsha na asidi. Ni protini inaganda. Isikutishe, wala usiite mashapo ya sukari.

Jambo moja ambalo majedwali ya dada yako hayakwambii: kipimo hiki cha pili kina maana pale tu cha kwanza kilipobaki bluu, kama kwako. Benedict ya moja kwa moja ikishakuwa nyekundu, ya pili itakuwa nyekundu vilevile kwa sukari ileile, na haitakuthibitishia sukrosi.

Sasa protini, na hiyo haki unayoidai. Kwa kweli sifuri yako ni halali. Msahihishaji anasoma mstari wako toka kushoto kwenda kulia: ulichofanya, ulichokiona, ulichohitimisha. Ukiandika umeona bluu kisha ukasema protini ipo, mistari miwili inapingana, na yeye hajui kwamba uliuona ute wa yai. Bluu katika kipimo hiki ni rangi ya kopa yenyewe. Zambarau ndiyo ya protini.

Zambarau yako ilikuwemo, umeizika. Kopa salfeti (mrututu ule wa wakulima) ikikutana na besi hufanya haidroksaidi ya kopa, ambayo ni mashapo ya bluu, ndivyo vile vipande. Protini huhitaji kopa kidogo sana ili itoe zambarau; inayozidi yote inakuwa mashapo na kuifunika rangi. Dropa nzima ni karibu mililita 1, yaani matone 20, wakati kazi inataka matone mawili hadi matano ya kopa salfeti ya asilimia 1. Tia sampuli mililita 2, haidroksaidi ya sodiamu mililita 2, tikisa. Ndipo kopa salfeti tone moja, tikisa, tazama mbele ya karatasi nyeupe. Tone la pili, tikisa, tazama. Zambarau ikitokea, acha hapo hapo. Ukizidisha usijaribu kuokoa, chukua tyubu nyingine uanze upya. Mpangilio nao usiugeuze: besi kwanza, kopa baadaye. Wala usipashe moto, maana haidroksaidi ya kopa ikipata joto huwa nyeusi. Na ute wa yai ukiwa mzito hugeuka kama jeli ukikutana na besi, kwa hiyo anayeandaa auzimue, sehemu 1 ya ute kwa maji sehemu 5 au zaidi.

Kama una wasiwasi na rangi, tengeneza tyubu ya kulinganishia: maji matupu mililita 2, dawa zilezile, matone yaleyale. Ziweke pamoja. Ile ya maji itakuwa na bluu hafifu yenye ukungu, na zambarau hata ikiwa nyembamba itajitenga nayo mara moja. Inakula nusu dakika, na wanafunzi wengi hawaifanyi kwa sababu swali halikuidai.

Iodini ni fupi. Wanga na iodini hutoa bluu iliyoiva hadi nyeusi, lakini rangi hiyo haivumilii joto. Molekuli ya wanga imejizungusha mithili ya springi na iodini hukaa ndani yake. Ikipata moto inalegea na iodini inatoka. Uliona weusi ukapotea, kumbe ulikuwa umeuona wanga. Ungeiacha tyubu ipoe huenda weusi ungerudi, na kama haukurudi ungeongeza tone moja. Sampuli ikiletwa ya moto, mimina mililita 2 unazohitaji, weka pembeni, fanya vipimo vingine kwanza. Iodini iwe ya mwisho.

Mafuta hukuyataja, bila shaka yalikwenda salama. Sudan III matone matatu, tikisa, acha itulie, tabaka jekundu linapanda juu.

Hadubini, mwanangu, haijakuvunjia kitu. Umeishusha ukiwa unatazama ndani. Lenzi ya ×40 ikiwa imelenga huachana na kioo chembamba kwa chini ya milimita moja, haina nafasi ya kusamehe. Anza na ×4 kila mara. Tazama kutoka pembeni, siyo kwa juu, huku ukisogeza lenzi na slaidi zikaribiane. Ndipo uweke jicho, na kuanzia hapo skrubu kubwa uizungushe upande wa kuziachanisha tu, mpaka picha itokee. Panda ×10, rekebisha kidogo. Panda ×40, na hapo skrubu kubwa usiiguse tena, tumia ndogo peke yake. Ukipotea, rudi ×4. Hata wenye uzoefu wanarudi.

Maduara meusi ni hewa. Kiputo cha hewa kina ukingo mnene mweusi, katikati kweupe, na ni duara kamili. Seli za kitunguu zinafanana na matofali yaliyopangwa ukutani, hazina uduara wowote. Hewa uliiingiza wewe ulipokidondosha kioo kikiwa kimelala. Bandua ngozi ya upande wa ndani wa ganda nene, kipande cha milimita 5 kwa 5 kinatosha, kitandaze juu ya tone la maji bila kukunjamana. Simamisha ukingo mmoja wa kioo chembamba kando ya tone, kiwe kama nyuzi 45, kishushe taratibu kwa sindano. Maji yaliyozidi yafyonze kwa karatasi pembeni. Ukitia tone la iodini, viini vitachukua rangi ya kahawia na kuta zitaonekana wazi. Usitegemee bluu nyeusi humo: kitunguu huweka akiba yake kwa sukari, siyo wanga. Kila mwaka kuna wanaochora chembe za wanga na kloroplasti ndani ya ngozi ya kitunguu kwa sababu wameziona kitabuni.

Huku kwetu pwani kuna la ziada. Unyevu wa Tanga huotesha ukungu kwenye lenzi, na mwanafunzi akadhani slaidi yake ndiyo chafu. Ukiona doa, sogeza slaidi: doa likisogea, liko kwenye slaidi. Lisiposogea, zungusha lenzi ya juu unayotazamia: likizunguka nayo, liko hapo. Likikataa yote mawili, karibu hakika liko kwenye lenzi ya chini, mwambie mwalimu. Usifute kwa upindo wa kanga wala kwa sketi, chumvi na mchanga vitaikwaruza. Kuna karatasi maalumu za lenzi. Mwalimu naye akiihifadhi hadubini ndani ya boksi lake pamoja na pakiti za silika, atauchelewesha sana huo ukungu wa vioo.

Kuhusu mchoro hatujauona, tunakisia tu. Makosa yanayokata alama karibu kila karatasi ni kivuli cha penseli, mistari iliyopapaswa mara mbili mbili, mishale badala ya mistari ya rula, mistari ya majina kupitana, na kukosa ukuzaji. Ukuzaji ni urefu wa mchoro kugawa kwa urefu wa kitu chenyewe. Jani la milimita 20 ukilichora milimita 80, ni ×4. Pima vyote kwa milimita. Ukuzaji wa hadubini yenyewe, ambao siyo wa mchoro, ni kuzidisha lenzi mbili: 10 kwa 40 ni ×400.

Majedwali ya miaka iliyopita yasome kwa ajili ya mpangilio wa safu na lugha ya Kiingereza cha mtihani, hapo yanafaa sana. Majibu yake achana nayo. S ya mwaka huu siyo S ya mwaka jana.

Nyumbani unaweza kufanya mengi kwa dawa moja tu. Nenda duka la dawa ununue iodini ya povidoni, ile ya kusafishia vidonda, chupa ndogo. Izimue: tone 1 kwa matone 10 ya maji. Pita soko la Mgandini uchukue ndizi mbichi moja, mbivu moja, kipande cha muhogo na kiazi. Kata, tia tone kwenye kila kimoja. Ndizi mbichi itakuwa nyeusi kabisa. Ile iliyoiva mpaka ina madoa itabadilika kidogo mno, kwa kuwa wanga wake umekuwa sukari. Andika jedwali la safu nne kama la mtihani: unapima nini, umefanyaje, umeona nini, unahitimisha nini. Safu ya tatu iandike tyubu au sahani ikiwa mbele yako, siyo baadaye. Na katika safu ya nne andika wanga upo, siyo muhogo upo.

Ukilizoea hilo, fanya la mate. Pika kijiko kimoja cha chai cha unga wa muhogo katika glasi moja ya maji, uache upoe mpaka vuguvugu. Gawa kwenye vikombe viwili, vijiko viwili vikubwa kila kimoja. Kimoja ongeza nusu kijiko cha chai cha mate, kingine nusu kijiko cha maji. Kila baada ya dakika moja chukua tone kutoka kila kikombe, liweke kwenye sahani nyeupe pamoja na tone la iodini. Kikombe cha mate kitatoka bluu, kiwe zambarau, kahawia, mwisho hakibadiliki tena. Usitumie kijiko kimoja kwa vikombe vyote, maana mate kidogo tu yakivuka yanakuharibia cha kulinganishia. Hilo ndilo kosa lenyewe la dropa maabarani, utalijua kabla halijakugharimu.

La osmosisi, yaani maji kuingia na kutoka kwenye seli, pia linawezekana. Vijiti vya kiazi vya milimita 50, unene milimita 5, kikombe kimoja maji matupu, kingine vijiko viwili vya chai vya chumvi katika mililita 100. Baada ya dakika 40 pima urefu, ukunje uone kipi kigumu na kipi kinalegea. Tofauti ni milimita moja au mbili, kwa hiyo kata kwa rula, siyo kwa jicho. Maji matupu yawe ya mvua au ya chupa. Visima vingi karibu na bahari vina chumvi yake tayari.

Haidroksaidi ya sodiamu, asidi na spiriti visije nyumbani. Usishawishike kununua kostiki ya kutengenezea sabuni ukaijaribia Biureti, yaani kile kipimo cha protini, uani. Ikiruka jichoni ni kuosha kwa maji yanayotiririka dakika 15 bila kupumzika, kisha hospitali. Spiriti ya jaribio la kupima wanga kwenye jani hupashwa ndani ya maji ya moto, moto wenyewe ukiwa umezimwa; jiko la mkaa halizimwi kwa kubonyeza.

Sasa hoja ya dawa kuisha. Mwendeeni mwalimu mkiwa wachache, kwa heshima, na hesabu mkononi. Darasa la wanafunzi 40, vipimo viwili vya Benedict, mililita 2 kila kimoja, ni mililita 160. Kutengeneza mililita 200 kunahitaji gramu 3.46 za kopa salfeti, gramu 34.6 za sodiamu sitreti na gramu 20 za kaboneti ya sodiamu kavu. Sitreti na kaboneti huyeyushwa pamoja katika mililita 160 za maji ya uvuguvugu, kopa huyeyushwa peke yake katika mililita 20, kisha humiminwa humo polepole huku ukikoroga, na maji huongezwa yafike 200. Benedict ikifunikwa vizuri hukaa miezi mingi bila kuharibika, kwa hiyo kuibania haina faida. Inayoharibika ni haidroksaidi ya sodiamu: hunyonya kabonidayoksaidi ya hewani, ikapoteza nguvu, na ikiwa kwenye chupa ya kioo huganda na kizibo. Mwombeni aihifadhi kwenye chupa ya plastiki yenye kifuniko cha kukaza, na atengeneze ya wiki hiyo tu.